Ndoo Mbili Katika Kumi

Kituo cha Juu
5 Februari

Mama Pacha wangu,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, sijakonda. Mkanda nimeutoboa tundu moja zaidi, lakini hilo ni kosa la mkanda.

Leo natimiza wiki ya tatu na bado sijazoea kuwa mgeni. Kituo hiki kiko ndani kabisa ya nchi ya jirani, kilomita kumi na moja kutoka mpakani, juu ya kilima cha mawe ambacho hata mbuzi hukipita wamefumba macho. Simu haishiki, ndiyo maana nimerudia kalamu kama mwanafunzi. Barua zangu atakuletea dereva wa gari la dawa ya maji, anayepanda huku kila Ijumaa.

Kazi yenyewe ni hii. Saa moja asubuhi natoka na daftari langu, na mwenzangu wa upande wa jirani anatoka na lake. Tunasimama mbele ya mita, tunasoma namba kwa sauti, kila mmoja anaandika, tunabadilishana madaftari, tunatia sahihi. Tukishatia sahihi, serikali yetu inalipa. Mwenzangu huyo ana miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni, basi mimi namwita Miwani. Yeye ananiita Mteja.

Ukifungua bomba hapo uani, jua kwamba katika kila ndoo kumi zinazonywewa nchini kwetu, saba zimepita mbele ya macho ya mumeo. Waambie pacha. Na yule mkubwa wa dakika kumi asimringie mwenzake. Baba ni wa wote.

Mumeo,
Baba Pacha


Nyumbani
11 Februari

Baba Pacha,

Barua nimeisoma mara mbili kimya na mara moja kwa sauti, maana dada yako aliniegemea begani mpaka likafa ganzi. Pacha sasa wanatangaza shuleni kwamba baba yao ndiye anayeifungulia nchi maji. Mwalimu ameniuliza kama unaweza kuifikiria na nyumba yake.

Sasa ya kwetu. Jumatatu redio imetangaza bei mpya ya maji. Ya nyumbani imepanda kidogo. Ya biashara imepanda mara mbili na nusu. Na unajua sisi ni nani kwenye karatasi zao? "Watumiaji wakubwa." Mimi, wifi, Bibi Kamba na mabeseni yetu sita ya udobi tumewekwa fungu moja na kiwanda cha soda! Bibi Kamba ameanika nguo za mji huu tangu mimi sijazaliwa. Kasema hii ndiyo mara ya kwanza kuitwa mkubwa na serikali.

Shuka za zahanati haziwezi kupunguziwa maji. Shuka ya mgonjwa ukiisuuza mara moja, umeifua au umeitania? Na nyumba ya wageni imeanza kunung'unika.

Mtaa umekaa. Mwezi wa nne kutakuwa na kikao cha wananchi na wakubwa wa Idara ya Maji, na mimi nimechaguliwa kuusemea mtaa. Nilikataa, wakapiga makofi. Nikakataa tena, wakapiga zaidi. Sasa wewe uliyeko mlangoni mwa maji yenyewe, niambie: kwa nini bei imepanda? Nipe maneno ya kwenda nayo.

Mkeo,
Mtumiaji Mkubwa


Kituo cha Juu
19 Februari

Mtumiaji wangu Mkubwa,

Hongera. Waliokuchagua hawajawahi kugombana nawe, wamesikia tu.

Bei imepanda kwa sababu jirani kapandisha. Mkataba umefika mwisho, wameandika mpya, na sisi hatukuwa na pa kwenda. Visima vyetu vya zamani vilifungwa enzi zile maji ya bomba yalipokuwa ya bure kama salamu, na pampu zake zikauzwa vyuma chakavu. Anayenunua kila kitu kwenye duka moja hapangi bei. Serikali ikaambiwa lipa zaidi, ikageuka nyuma, ikawatazama nyinyi. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Mimi niko salama. Jioni huwa natembea kando ya bomba kunyoosha miguu. Dereva atakupa kikapu cha nyanya na mchicha. Vioshe vizuri. Yaani, vioshe vizuri kwa maji kidogo.

Wako,
Baba Pacha


Nyumbani
25 Februari

Kwako Baba Pacha,

Nyanya zimefika. Nyekundu, hata moja haijapondeka. Ahsante.

Sasa nisaidie jambo. Barua ya kwanza unaishi kwenye kilima cha mawe, mbuzi wanafumba macho. Barua ya pili unaniletea mchicha wenye umande. Nikamuuliza dereva, "Hivi kavinunua wapi?" Akacheka cheko la mtu aliyeshiba siri.

"Hakununua, shemeji. Kapewa na mama mmoja mwenye bustani. Yule mumeo haipiti siku tatu hajaenda huko."

Dada yako, wa tumbo moja nawe, akaweka nyanya chini akasema, "Kaka kapata mtu." Damu nzito kuliko maji, lakini siku hiyo damu yako ilikuwa upande wangu.

Mimi si wa kupiga kelele. Miaka kumi na minne nimekujua hata kwa kikohozi, na nimeona barua yako ina kona usiyotaka kuigeukia. "Kunyoosha miguu." Miguu yako ilijikunja lini?

Huku nyumba ya wageni imechukua shuka zake. Jana nimemwambia Bibi Kamba apumzike kwanza. Nilitafuta neno zuri nikapata hilo, "kupumzika". Akanionea huruma. "Sema nimefukuzwa, mwanangu, usijichoshe." Akavua aproni, akaikunja vizuri kama ya mteja, akanipa, akaondoka.

Nyanya tumekula. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama wa watoto wako


Kituo cha Juu
5 Machi

Mke wangu,

Soma ukiwa umekaa, na mwambie dada yangu atoke kwanza. Hapana, abaki. Atasikiliza dirishani hata hivyo.

Mama mwenye bustani yupo. Ni mjane, kampita mama yangu kwa umri, ana magoti mabovu na ulimi mbovu zaidi, na ananiita "kijana wa vyuma". Ningekuwa na mtu, Mama Pacha, ningekutumia nyanya zake? Mimi ni mjinga, lakini si mjinga wa namna hiyo.

Kona uliyoiona ipo kweli, ila nyuma yake hakuna mwanamke. Kuna maji.

Mita inayohesabu maji tunayolipia iko huku juu. Tangi letu liko chini, mpakani. Katikati kuna bomba la kilomita kumi na moja, limezikwa ardhini tangu kabla hujazaliwa, na kule tangini hakuna mita yoyote. Wiki ya pili nilishuka na gari la dawa, nikamwomba mlinzi wa tangi afunge maji ya kwenda kwetu kwa saa moja, nikapima kwa ufito yalivyopanda, nikalinganisha na mita. Nikarudia Ijumaa mbili nyingine. Jibu lilelile: tunalipia ndoo kumi, zinafika nane.

Basi nikalifuata bomba kwa miguu. Kilomita ya sita, bondeni, kiungo kimepasuka chini ya udongo. Si jana wala juzi. Pana dimbwi, pana matete, pana vyura. Na pana nyumba arobaini. Ni watu waliokimbia ukame miaka sita iliyopita, wakakuta maji yanatoka ardhini, wakamshukuru Mungu, wakakaa. Hawajui kuwa ni bomba. Wanapaita Chemchemi. Wana bustani, wana darasa la mabati, na watoto wao wanaogelea, Mama Pacha. Wanaogelea kwenye bei ya maji ya mtaa wetu.

Miwani alijua tangu mwanzo. Aliponiona narudi suruali imelowa magotini, hakuuliza natoka wapi. Alisema tu, "Mteja, ukiandika, watakuja kuziba kwa siku moja. Wale watu wataenda wapi kwa siku moja?"

Nikanyamaza. Hii ni wiki ya nne. Kila asubuhi natia sahihi namba ninayojua haifiki. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yanazolewa na nyumba arobaini, na mimi nimekunywa chai yao.

Ya Bibi Kamba pia nimeyapata. Nilisoma, nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe.

Mumeo


Nyumbani
11 Machi

Mjinga wangu,

Dada yako alibaki. Tulipofika kwenye ulimi wa mjane alicheka mpaka akakalia beseni lenye maji. Mimi nililia kidogo kwanza, ndipo nikacheka. Kumbe nilimwonea wivu mwenye magoti mabovu!

Halafu hasira ikaja. Ndoo mbili katika kumi! Unajua huku ndoo mbili ni nini? Ni Bibi Kamba. Ni jirani yetu wa nyumba ya nne anayeogesha watoto watatu kwa maji ya mtoto mmoja, yule wa mwisho anatoka mchafu kuliko alivyoingia. Nikasema, ningekuwa mimi ningeandika ripoti siku ileile. Kisha nikawaona hao watoto wanaogelea, nikaikunja barua yako. Umenitwisha mzigo bila kata.

Na kikao je? Nikinyamaza, nimewaongopea walionipigia makofi. Nikisema, nimekuuza wewe, na mume ninaye mmoja.

Siwezi kuamua juu ya watu nisiowaona. Shule inafungwa tarehe kumi na tisa. Pacha watabaki na wifi, na kesho yake mimi nakuja na dereva. Tafuta shuka ya pili. Na usinipikie, nataka kula vizuri.

Mkeo asiye na wivu tena, labda kidogo


Kituo cha Juu
2 Aprili

Mama Pacha,

Umeondoka Ijumaa, na kitanda kimekuwa uwanja wa mpira. Miwani anakusalimu. Anasema hajawahi kuona mtu akikagua chumba cha mumewe kwa kutumia pua.

Siku saba zote hukuniambia unawaza nini. Nilikuona dimbwini na wale kina mama, sketi umeifunga mapajani, unawafundisha kufikicha kola, wanakucheka. Nilimsikia mjane akikuuliza, "Na kwenu maji mnayatoa wapi?"

Ukasema, "Tunanunua."

Akashangaa. "Maji? Mnanunua kwa nani?"

Ukainamia kola uliyokuwa ukiifikicha. Njia nzima ulinitangulia mbele mpaka kituoni. Nilidhani umenikasirikia, ndiyo maana siku ile nilichemsha chai baada ya chai kama mwenye mgahawa.

Sasa nisikilize. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya mkuu wangu wa Idara. Nimeifunga, lakini nakujua, kwa hiyo sikuweka gundi nyingi. Inasema kiungo kiko wapi, ndoo ngapi zinapotea, na kwamba nilijua nikanyamaza karibu wiki nane. Inaomba mambo mawili: mita ishushwe mpakani, na kiungo kisizibwe kabla wale watu hawajawekewa bomba lao. Miwani alitaka jina lake liwemo. Nimekataa, tukabishana mpaka chakula kikapoa.

Ipeleke kwa mkono wako. Kisha usimame kwenye kikao useme unachoona ni haki. Hutakuwa umeniuza. Nimejipeleka sokoni mwenyewe.

Wako,
Baba Pacha


Nyumbani
15 Aprili

Baba Pacha,

Niliifungua. Nikaisoma, nikaifunga, nikaipeleka. Mkuu wako aliisoma mimi nimesimama, akavuta droo, akaiweka, akaifunga droo. "Tutaifanyia kazi, mama." Wiki ikapita, kimya.

Kikao kilikuwa jana, ukumbi wa shule, watu mpaka madirishani. Bwana mmoja wa Idara kaonyesha michoro ukutani: tunaoga sana, tunafua sana, tunaacha mabomba yakidondoka. "Kila mwananchi ajitazame," akasema. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mita inayohesabu maji tunayonunua iko upande gani wa mpaka?"

Akawatazama wenzake. "Hilo ni suala la kitaalamu, mama."

"Mimi ni dobi. Nguo nazihesabu zikifika mlangoni kwangu, sizihesabu zikiwa bado kwa mwenyewe. Iko upande gani?"

Mkuu wako akajibu kwa sauti ndogo, anatazama viatu vyake. "Upande wao."

Basi nikasema yote. Kilomita ya sita, kiungo, ndoo mbili. Ukumbi ukalipuka. Nilidhani wananishangilia, kumbe wanasema, "Wakatiwe! Wakatiwe!" Watu wangu, Baba Pacha, niliopanga nao foleni. Nikawaambia pana nyumba arobaini pale, nimefua nao, hawajui hata kama wanakunywa cha mtu. Mwenye duka la kona akaniita msaliti.

Aliyesimama ni Bibi Kamba. Sikujua hata kama kaja. Akangoja wanyamaze; unamjua anavyongoja, kama mtu aliyeanika na hana haraka. Akasema, "Maji hayo ndiyo yaliyonitoa kazini. Kwa hiyo mwenye haki ya kukasirika kuliko wote humu ni mimi, na mwenye duka akae chini. Kiungo kizibwe. Lakini anayekwenda kuziba, awe amebeba bomba lao kwenye gari hilohilo. Mimi nimeshaishi bila maji. Simtakii mtu."

Akakaa. Hakuna aliyempigia makofi, lakini na kelele hazikurudi. Yule bwana wa michoro akaandika. Wamesema watakwenda huko pamoja na watu wa upande wa jirani.

Nakuogopea. Mlangoni mkuu wako aliniuliza, "Mumeo anajua ulichofanya?" Nikamwambia, "Kasome droo yako."

Mkeo


Kituo cha Juu
14 Mei

Mke wangu,

Nisamehe kimya changu. Kalamu nilikuwa nayo, maneno ndiyo sikuwa nayo.

Walikuja na magari manne, mawili yao, mawili yetu. Nimepewa onyo la maandishi na nimeshushwa cheo. Miwani alisimama mbele yao wote akasema alijua miaka sita, na hakuna aliyemuuliza. Wamemstaafisha kabla ya wakati. Tulipoagana alinipa mkono akasema, "Haya, Mteja, biashara imekwisha." Kisha akavua miwani akawa anaifuta, anaifuta.

Kiungo kimezibwa wiki iliyopita, Jumanne. Bomba lao liliwekwa kwanza, na kweli lilikuja kwenye gari hilohilo. Ni moja, jembamba, linafunguliwa asubuhi hadi saa tano. Ya kunywa na kupikia yanatosha. Ya bustani hayatoshi. Dimbwi lilikauka ndani ya siku tatu, watoto wamekaa ukingoni wanatazama vyura wakihama. Familia tisa zimefunga vyombo na kuondoka.

Nilikwenda kwa mjane nikamweleza mwenyewe kwamba chemchemi yake ilikuwa bomba, na aliyeandika ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Kesho yake nilimwamkia, hakuitikia.

Mita mpya iko mpakani, kwenye tangi letu. Jana nimetia sahihi namba ya kweli, nikageuka kuangalia nyuma kama mwizi. Huku juu sihitajiki tena. Kuanzia mwezi wa sita nimepangiwa karakana ya hapo mjini, kwa hiyo narudi nyumbani moja kwa moja. Ningependa kurudi nimefurahi. Sijui nimefanya wema, au nusu ya wema, au kitu gani.

Baba Pacha


Nyumbani
20 Mei

Mume wangu,

Bei imeshuka. Si kwa ndoo mbili. Kwa moja hivi. Ya pili wanasema inalipia mita mpya na ukarabati wa bomba, na mwakani mkataba utazungumzwa upya, tena kwa duka lilelile moja. Bibi Kamba amerudi Jumatatu. Katazama jinsi nilivyoanika, akaanua zote, akaanika upya.

Unaniuliza umefanya nini. Sijui, Baba Pacha. Wewe uliandika, mimi nikasema ukumbini, kwa hiyo kama ni dhambi tumegawana, kama tunavyogawana kila kitu humu ndani. Zile familia tisa nazifikiria nikiwa nasuuza. Sitakudanganya kwamba zinanitoka.

Mjane hakuitikia? Hata mimi nisingeitikia. Siku ya nne ningeitikia. Una siku kadhaa kabla hujashuka: nenda tena, na tena. Dereva ana kifuko cha mbegu za kunde, hazitaki maji mengi. Wifi ndiye aliyezichambua. Usiende kuomba msamaha, utamchosha. Nenda ukamsaidie kupanda, magoti yake hayainami.

Na kuna jingine. Wiki ile baada ya kikao Bibi Kamba alisimama mlangoni mvua ikinyesha, akatazama paa letu linavyomwaga barabarani. Akauliza, "Hii nayo tunanunua kwa nani?" Tukaazima koleo. Tunachimba tangi la mvua nyuma ya kibanda cha kufulia, la mtaa mzima. Halitaitoa nchi kwa jirani. Litatuvusha labda miezi miwili ya shuka za zahanati. Tunachimba jioni na Jumapili. Pacha wanabeba mawe na kugombana nani kabeba mengi. Juzi mwenye duka la kona alipita, akasimama, hakusalimu, akaacha toroli lake ukutani akaenda zake.

Saruji tumeshaahidiwa. Mvua kubwa wanasema ni katikati ya Juni. Shimo sasa limenifika kiunoni, na linatakiwa linipite kichwa. Dada yako analalamika mgongo, Bibi Kamba nimemkataza asishuke na ameshashuka mara mbili.

Koleo moja halina mtu. Njoo.

Mkeo,
Mama Pacha